Maji Yanazidi Kuwa Matamu

Jumatatu, 5 Januari

Ripoti ninamwandikia Jabez, bosi wangu. Daftari hili ni langu mwenyewe, na humu sitamsifu mtu kwa kulazimishwa.

Leo tumerudi Amu kutoka Ndau na nimetapika njia nzima, kwanza upande wa kulia wa boti, kisha wa kushoto. Yassir, fundi wetu, alikuwa akila ndizi mbele yangu makusudi. Miaka miwili niko hapa, na bahari bado hainitambui. Sisi kwetu Kisii tunavuka mito, tena kwa daraja.

Tulikwenda kwa ajili ya mistari kumi ya programu. Mistari kumi! Vijiji vyetu ni saba, na kila kimoja kina jabia, yaani sakafu kubwa ya saruji ya kukinga mvua, na tangi lake lililofunikwa. Kando ya jabia kuna kisima na pampu ya sola. Katikati tumeweka kidhibiti, kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, yenye vijiti viwili vya chuma vilivyotumbukizwa kwenye maji ya kisima kupima chumvi. Kipimo kikiwa chini ya elfu moja, pampu inavuta maji ya kisima na kuyaongeza kwenye yale ya mvua ili yafike masika. Kikizidi hapo, pampu inanyamaza. Kila tukiboresha programu, Yassir hupanda boti na laptopu na waya, kijiji hadi kijiji, siku nne.

Nimeapa leo, na koo langu bado linawaka: programu itajipeleka yenyewe.

Jumatano, 14 Januari

Kazi tu. Sijatoka ofisini isipokuwa kula, na Yassir yuko kwenye safari ya mwisho, kuvipakia vidhibiti programu ya kupokelea matoleo hewani.

Alhamisi, 22 Januari

Imekubali! Saa tatu kamili asubuhi vidhibiti vyote saba vimeuliza, "Kuna toleo jipya?" Vikajibiwa lipo. Vikalipakua hewani, vikakagua sahihi yangu, vikajizima na kujiwasha. Dakika kumi baadaye vyote vilituma neno moja: mzima. Kikishindwa kusema hivyo, kinarudi chenyewe kwenye toleo la zamani. Sikuinuka kitini.

Kila toleo linaanza kwanza na kidhibiti cha nane, kilichoko juu ya meza yangu, vijiti vyake ndani ya glasi ya maji ya kunywa. Kikikaa salama siku moja, wenzake wanafuata Alhamisi. Siku nyingine zote vidhibiti vinatuma vipimo tu, havisikilizi neno la mtu. Jabez ndiye aliyetaka hivyo ili kuokoa betri na bando, nami nikaona ni busara.

Jabez amenipigia makofi mbele ya ofisi nzima. "Bochaberi, hii ni moto! Safari zimekwisha. Yassir atakaa stoo apange mipira na mabomba."

Yassir alikuwa mlangoni. Akasema, "Haya, Bwana," akaenda zake stoo. Nilifikiri amenuna kwa sababu ya posho ya safari.

Jumamosi, 24 Januari

Nimempigia Bi Mwanamkisi wa Ndau kumweleza. Huyu ndiye mtunzaji wa jabia la kule, na kabla yake alikuwa mama yake. Zamani, kabla ya kidhibiti, kila asubuhi alichota maji ya kisima kwa kata, akayaweka ulimini, akatema, kisha akatoa ruhusa au akanyima. Mpaka leo bado anaonja, ingawa hakuna anayemwuliza.

Nikamkumbusha kuhusu sanduku la kidhibiti. Mwaka jana kuna mtu alilifungua akachomeka chaja ya simu, tukapoteza wiki nzima. Tangu hapo nimelitia kufuli, na Bi Mwanamkisi nimemwapisha kwamba hakuna mkono utakaogusa sanduku, waya wala paneli ila kwa ruhusa yangu.

"Ni amana, mwanangu," akasema. "Amana haivundwi."

Jumapili, 1 Februari

Joto. Kaskazi inavuma na mchanga unaingia mpaka kwenye sukari.

Alhamisi, 5 Februari

Habari njema. Kipimo cha Ndau kilikuwa 910 katikati ya Januari. Leo ni 780. Mkokoni kimeshuka kutoka 870 hadi 720. Vijiji vyote saba, chumvi inapungua. Jabez amechapisha grafu na kuibandika ukutani.

Jumanne, 10 Februari

Ndau 735.

Alhamisi, 12 Februari

Ndau 710. Bi Mwanamkisi alipiga simu leo mwenyewe, jambo ambalo halifanyi. Nilimwambia kwa furaha kwamba kisima chake kinazidi kuwa kitamu.

"Mwanangu," akasema, "miti inakauka, mbuzi wanakula makaratasi, na wewe wanambia kisima chatamuka? Hilo silijui mimi. Tangu kuzawa kwangu katika nti hii, kaskazi haiyatamusha mai."

"Bi, ulimi wako unasemaje?"

"Ulimi wangu wasema ni yale yale. Si matamu, si mabaya."

Nikamweleza kwamba ulimi hauwezi kutofautisha mia tisa na mia saba. Ni kweli, hauwezi. Lakini jioni nikiwa naoga nilijikuta nimesimama na sabuni mkononi, nikiwaza kwa nini kisima kitamuke wakati wa ukame. Nikajipa majibu matatu, yote mazuri, nikaendelea kuoga.

Alhamisi, 19 Februari

Ramadhani imeandama. Mji umebadilika mwendo. Mchana hata punda wanaongea kwa sauti ya chini.

Bi Mwanamkisi ameniuliza kuhusu kuonja. Pampu inafanya kazi kukiwa na jua, kwa hiyo kuonja ni mchana, naye amefunga. Shekhe wa kwao amemwambia kuonja kwa haja na kutema hakufungui mtu, lakini moyo wake unasitasita. Anaogopa tone litapenya kooni.

Nilimhurumia sana. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, na jua hili. Nikamwambia, "Bi, pumzika. Mwezi huu kidhibiti kitaonja kwa niaba yako."

"Wewe wasema yatosha?"

"Yanatosha."

Akanishukuru na kuniombea dua ndefu, na ninakiri kwamba nililala nikijiona mtu mwema.

Jumatatu, 23 Februari

Ndau 640. Mkokoni 590.

Jumanne, 24 Februari

Jabez ameingia na wazo. Maji yakiwa matamu hivi, kwa nini pampu zifanye kazi saa tatu tu kwa siku? Tuongeze ziwe saa saba, majabia yajae kabla ya masika, na wageni wanaokuja Aprili kukagua mradi wayakute yamejaa pomoni.

Nilisema tungoje wiki mbili. Sikuwa na sababu ya kueleweka. Nikasema tu kwamba grafu inanyooka mno.

"Inanyooka mno?" Jabez akacheka. "Bochaberi, wewe ndio umetengeneza hii kitu. Sasa unaiogopa?"

Nikaona aibu. Jioni nikaandika toleo jipya, mistari minne tu, nikakipa kidhibiti cha mezani. Glasi yangu ikasema mzima.

Alhamisi, 26 Februari

Saa tatu asubuhi: mzima, mzima, mzima, mzima, mzima, mzima, mzima. Saa saba za pampu kwa vijiji saba. Imechukua dakika kumi na moja.

Jumapili, 1 Machi

Ujumbe wa sauti kutoka kwa Bi Mwanamkisi: "Yana asubuhi nimefua, sabuni haitoi povu. Nauliza tu." Nikamjibu huenda sabuni ni ya bei rahisi. Ndau 560.

Jumanne, 3 Machi

Mwezi mpevu leo, na bahari imejaa kuliko kawaida. Yassir alikuja kuchukua funguo za stoo, akasimama mbele ya grafu ukutani. "Bamvua hili ni kubwa," akasema. "Kwetu Pate maji ya kisima bamvua kama hili hata ng'ombe huyakataa." Nikamwonyesha kipimo cha Ndau: 550. Akainua mabega, akaenda.

Jumatano, 4 Machi

Bi Mwanamkisi amepiga saa nne asubuhi. Jana uji wa futari ulikatika maziwa, nyumba tatu tofauti. Ameomba ruhusa azime pampu mpaka bamvua lipite.

Nikatazama skrini. 545. Kijani kitupu.

Nikamwambia asiguse kitu. Nilisema hivi hasa, nayaandika ili nisije nikajidanganya baadaye: "Bi, huenda maziwa yalikuwa ya jana. Kidhibiti kinaona maji ni matamu kuliko wakati wowote."

"Haya, mwanangu. Amana ni yako."

Ijumaa, 6 Machi

Nitaandika kama itakavyotoka.

Asubuhi Bi Mwanamkisi alipiga tena. Safari hii hakuuliza. "Mai yameingia munyu. Nimeonda. Funga yangu Mola ataipima mwenyewe, lakini nimeonda na nimetema, na mai ya jabia yana munyu. Si ya kisima, Bi Bochaberi. Ya jabia."

Kipimo cha Ndau dakika ile kilikuwa 540.

Nilishuka stoo sijui kwa nini, labda kwa sababu sikutaka kuwa peke yangu na ile namba. Yassir alikuwa amekaa juu ya mpira wa maji, anasoma Kurani. Nikangoja afike kituo. Nikamwuliza, kwa dharau kidogo, Mungu anisamehe, "Wewe ulipokuwa ukienda na laptopu, ulikuwa ukifanya nini kingine kule?"

"Kingine? Hakuna. Napakia programu, nasali, narudi."

"Hakuna kabisa?"

Akafikiri. "Labda kupangusa vile vijiti. Vikikaa mwezi huota ukoga, vyeupe kama meno ya mtu asiyepiga mswaki. Basi nachukua ndimu, nakata, navisugua mpaka ving'ae. Ndimu natoka nazo nyumbani."

"Kila safari?"

"Kila safari. Wataka nisafiri siku nne nikiache kichafu?"

"Mbona hukusema?"

"Hamkuniuliza, Bi. Na mimi sikujua kwamba ni kazi."

Nilikaa chini, pale pale, kwenye saruji. Vijiti vinapima chumvi kwa jinsi umeme unavyopita baina yao. Vikivishwa ukoga, umeme unapita kwa shida, na kidhibiti kinadhani maji ni matamu. Ukoga ukizidi, utamu unazidi. Mwezi mzima tumekuwa tukiishangilia grafu ya uchafu. Na cha mezani kwangu, ndani ya maji yake safi ya dukani, hakijawahi kuota chochote.

Toleo lililoongeza saa za pampu nililisaini mimi.

Nikapanda ngazi mbio nikaandika amri ya kuzima pampu zote, na nilipofika mwisho ndipo nikakumbuka. Leo ni Ijumaa. Vidhibiti vitasikiliza Alhamisi. Nimevifundisha mwenyewe kutonisikiliza.

Nikampigia Bi Mwanamkisi. "Bi, vunja kufuli. Kata waya. Fanya lolote."

"Kufuli la chuma hili, mwanangu, nitalivunda na nini?" Kisha nikamsikia akiita wanawake, na sauti za kukimbia. Walitoa majamvi msikitini, yale ya zamani, wakayatandaza juu ya paneli za sola mpaka jua lisipate pa kupenya. Pampu ikafa. Ilichukua dakika tano. Kama Jumatano ningesema ndiyo, ingekuwa dakika tano hizo hizo.

Vijiji vingine vitano vimepatikana kwa simu na vimefunika paneli. Mkokoni hawapatikani. Mnara wa simu wa kule haujafanya kazi tangu Jumanne, na kwenye skrini kituo chao ni cha kijivu. Lakini pampu haihitaji mnara. Inahitaji jua, na jua liko.

Jumamosi, 7 Machi. Ndau

Nimekuja. Sikutapika, nadhani mwili umeona aibu.

Yassir alifungua sanduku, akavuta vijiti. Sikuwahi kuviona kwa macho yangu tangu vifungwe; hata Januari nilibaki kivulini nikiuguza kichefuchefu. Vilikuwa vimevaa gamba jeupe lenye utelezi. Akakata ndimu, akasugua polepole, akavirudisha majini. Namba kwenye laptopu ikapanda mbele ya macho yetu: 540, 1,300, 2,600, ikatua 3,900.

Watu walikuwa wamesimama kuzunguka jabia, wengi, na hakuna aliyepiga kelele. Heri wangenipigia kelele. Bi Mwanamkisi ni mfupi kuliko nilivyomkumbuka. Alichota kata moja ya maji ya jabia, akaonja, akatema kando kwa adabu, akanipa. Mimi sikufunga. Nikanywa yote mpaka chini. Chumvi ilinikamata ulimi na kooni, na nikaendelea kumeza kwa sababu sikuweza kumtazama.

"Mvua ya mwaka mzima hiyo," akasema. "Watu mia saba."

"Bi, nisamehe. Mlikiamini kidude changu nami nika—"

"Kidude?" Alinitazama kana kwamba nimesema upuuzi. "Nani alikiamini kidude? Wewe hukutwambia yatosha? Tulikuamini wewe, mwanangu."

Muuguzi wa zahanati amepita akiwaambia wenye presha na wenye mimba wasiyaguse. Maji yatakuja kwa boti kutoka Amu, mitungi ya plastiki, kadiri upepo utakavyoruhusu. Jabia litabidi limwagwe. Kaskazi imebakiza mwezi, labda zaidi.

Jumapili, 8 Machi

Nimerudi Amu. Jabez ameing'oa grafu ukutani. Anataka taarifa yenye neno "hitilafu". Nimemwandikia "kosa", na nimeandika la nani.

Jumatatu, 9 Machi

Yassir alijaribu kufika Mkokoni. Mawimbi yamemrudisha, injini imeingia maji, na amerudi kwa kukokotwa. Barabara ya bara si salama, amesema nisiitaje kabisa. Kituo cha Mkokoni bado ni cha kijivu.

Jumanne, 10 Machi

Upepo. Katika vijiji vile vitano, vitatu vimenusurika na viwili vina chumvi kidogo. Nahesabu saa za jua za Mkokoni tangu Alhamisi ile ya toleo: saba kwa siku, siku kumi na mbili. Nimejikataza kuhesabu na bado nahesabu.

Jumatano, 11 Machi

Upepo. Kijivu.

Alhamisi, 12 Machi

Nilikuwa mbele ya skrini tangu alfajiri. Toleo jipya lina amri moja: zima pampu mpaka mtu asafishe vijiti kwa mkono wake na kubonyeza kitufe mwenyewe. Saa tatu vituo sita vikauliza, vikachukua, vikajibu mzima. Mkokoni kimya. Jabez alisimama nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma.

Saa tatu na dakika arubaini mnara wa Mkokoni ukaamka. Kituo kikageuka kijani. Kikaomba toleo, kikachukua, kikajizima, kikajiwasha. Mzima. Pampu imezimwa. Jabez akashusha pumzi, akanigusa bega.

Kisha vikaingia vipimo vya siku tisa vilivyokuwa vimerundikana, kimoja baada ya kingine. Chumvi: 480. Ujazo wa jabia: asilimia mia moja.

Nikapiga simu. Anayetunza jabia la Mkokoni ni mwalimu wa madrasa, Umulkheir, binti mchangamfu mwenye kicheko cha karibu. Alipokea mara moja.

"Bi Bochaberi! Wallahi ilikuwa tukutafute sisi! Jabia limejaa, limejaa mpaka lamiminika! Tangu wiki jana hatujachota, tumeliachia lijae kwa ajili ya sikukuu, twanywa ya mitungini. Wazee wasema hawajapata kuona neema kama hii kaskazi. Tumewasomea dua nyinyi wote wa Amu, na wewe kwa jina."

Nikaitazama tena ile mia moja kwenye skrini.

"Umulkheir," nikasema, "chota kidogo uonje. Uteme, lakini uonje."

"Nimefunga, Bi."

"Najua. Onja uteme."

Kicheko chake kilikatika katikati. Nikasikia kandambili zake kwenye saruji, watoto wakisoma kwa mbali, kifuniko kikisukumwa, maji yakimiminika. Kisha nikamsikia akitema. Akatema tena.

Aliporudi kwenye simu, sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayeficha jambo lisisikike na watoto.

"Bi Bochaberi," akasema, "huko kwenu bara, mvua zimeanza?"